Matope Ndani ya Mashavu ya Mpumbu

Jina la kile kijito naweza kulitaja bila woga. Ni Mulonde. Nalitaja kwa sababu hakuna kitu tena mule. Kuna maji, kuna matete, kuna kibao cha chuma kilichoandikwa kwa rangi ya kijani. Ukitaka kwenda kukisoma, nenda. Kutoka soko la Kashikishi unafuata pembeni ya ziwa kuelekea upande wa Chienge, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Hutaharibu kitu. Cha kuharibiwa kiliisha.

Mimi ni Cadette. Nilizaliwa Pweto, ng'ambo ya Congo. Shule niliiacha mwaka wa nne wa primaire, kwa sababu mwaka ule hatukuwa na wakati wa kuumaliza, tulikuwa na wakati wa kukimbia tu. Wazazi wangu wanalima mihogo Mantapala, kwenye kambi ya wakimbizi. Mimi nilikuja Nchelenge, hapa Zambia, na yaya wangu Chadrack, kaka yangu mukubwa. Yeye alitafuta kazi kwenye mitumbwi, mimi nikashika kisu sokoni. Kazi yangu ilikuwa kupasua samaki za wengine.

Sipendi kuongea. Mama alikuwa anasema: huyu mutoto alizaliwa na mulango umefungwa. Sokoni hiyo haikuwa kasoro. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka mwisho wa mwezi wa pili uvuvi unafungwa, nyavu zinapaswa kupumzika, ni chisense tu wanaruhusiwa, vile vidagaa vya taa. Lakini mutu anakula kila mwezi. Samaki wakubwa wanafika hata hivyo, chini ya kitenge, chini ya majani ya mihogo, na wenye samaki wanataka mutu wa kupasua haraka na kunyamaza. Mutu huyo alikuwa mimi.

Mwaka juzi Dokta Jessy Nkandu alikuja sokoni na kukaa siku tatu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Yeye ni Muzambia, alisoma mambo ya samaki miaka mingi, na Swahili yake aliiokota Lubumbashi alipofanya kazi kule. Kila mama aliyepita alimuuliza kama ameona mpumbu.

"Awe, ba Dokta," walimujibu. "Mpumbu ilimalizika. Bambuya, wazee wa zamani, njo balikula. Sisi tunasikia jina tu."

Saa ileile, hatua mbili kutoka kiatu chake, beseni yangu ilikuwa na mpumbu wawili chini ya majani. Mama Esnart, mwenye samaki wale, alikuwa anaangalia mawingu kama mutu anayetafuta ndege yake. Siku ya tatu Dokta alinyoosha mukono, akafunua majani mwenyewe. Hakupiga makelele. Alichuchumaa, akasahau gauni yake ndani ya maji ya samaki.

"Nani alipasua huyu?"

Wamama wakainamia mabeseni yao.

"Siulizi nani alimuvua. Nauliza nani alimupasua vizuri namna hii, bila kutoboa mufuko wa mayai."

Niliinua kisu. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Kama humujui mpumbu, ni samaki mwenye midomo minene na pezi la mugongoni lililosimama kama sikio la mbwa aliyesikia kitu. Papa alituambia kwamba wakati wa utoto wake, mvula kubwa ikianguka, mpumbu walikuwa wanatoka ziwani na kupanda mito kwenda kutaga, wengi mpaka maji yanafanya sauti. Watu walisimama kwenye mulango wa muto na vikapu, na mitumbwi, na nyavu kutoka ukingo mpaka ukingo. Walikamua mayai ndani ya ndoo. Ndiyo maana walimalizika. Mpumbu hawakufa kwa ugonjwa. Walikamatwa njiani wakienda kuzaa.

Dokta alikuwa na proje, mradi wa kuwalinda mpumbu. Alinipa mizani, rula, na daftari. Kila mpumbu aliyepita sokoni nilimupima, nikafungua tumbo, nikasema mayai yamefika namba gani, moja mpaka tano. Moja ni kama uzi. Tatu ni kama uwele mudogo. Nne tumbo limejaa na linabana. Tano, ukibonyeza na kidole gumba mayai yanatoka yenyewe, na hapo unajua huyu alivuliwa akiwa kwenye mulango wa kuzaa. Namba nilijifunza kwa Dokta. Kidole kilijua zamani.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakunifundisha yeye, mimi nilimufundisha. Mpumbu akiingia mudomo wa muto anangoja mvula, na akingoja anapumua matope. Ukifungua mashavu yake, pale penye nyama nyekundu, matope yanakuambia alikuwa wapi. Muchanga mweupe, alikuwa ziwani wazi. Matope mekundu, ni mito ya kule wanakofyatua matofali. Matope meusi yenye harufu ya majani yaliyooza, ni kijito kinachotoka kwenye mushitu, ule musitu wa maji. Dokta alinisikiliza mpaka mwisho. Aliandika. Akasema miaka saba ya chuo hakuna mwalimu aliyemuonyesha hivyo.

"Cadette, mwaka kesho nitakutafutia kontra ya kweli, mukataba wenye sahihi. Na jaketi ya proje, jina lako hapa." Akagusa kifua chake.

Ile jaketi niliifikiria kuliko inavyofaa. Nililala nayo, niliamka nayo.

Levy, kijana aliyefanya kazi na Dokta, yeye alikuwa na jaketi tayari, kwa sababu alikuwa na diplome. Alibeba simu kubwa inayoonyesha mahali mutu amesimama, na alikuwa na maneno mazuri kwa kila mutu. Hakuwa mutu mubaya. Ningependa awe mubaya. Kumukasirikia mutu mubaya ni kazi nyepesi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka jana, Mama Esnart aliniita na kidevu. Chini ya kitenge kulikuwa na majike matatu. Wawili namba nne, mumoja namba tano.

"Ka Congo," alininong'oneza, "usiulize."

Sikuuliza. Nilifungua mashavu. Matope meusi, na kipande cha jani la mushitu kimekwama ndani. Upande ule wa ziwa kijito cha namna ile ni kimoja. Bwana yake Mama Esnart alikuwa anatega pale na mutego wa matete, anatoa watatu, wanne, anarudi nyumbani. Miaka mingi alifanya hivyo na kufunga mudomo, na mpumbu walikuwa wanazaa, na hakuna aliyejua.

Kesho yake nilikwenda peke yangu. Mudomo wa Mulonde ni mwembamba, kijana mwenye miguu mirefu anaruka. Mbele yake, upande wa ziwa, kuna shimo la maji meusi. Nilikaa kwenye matete mpaka maji yakatulia, na hapo nikaona migongo. Walikuwa wamejipanga, vichwa kuelekea mutoni, wanangoja mvula. Nilihesabu mpaka arobaini, halafu hesabu ikanipotea. Hadithi ya papa ilikuwa kweli. Nilicheka peke yangu pale kama mujinga.

Nikamwambia Dokta. Ningefanya nini? Ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Alinishika mabega yote mawili. "Nani mwingine anajua?"

"Mama Esnart na bwana yake."

"Sawa. Itabaki kwetu."

Ilibaki kwetu siku nne.

Siku ya tano kulifika barua kutoka kwa wale wanaolipia proje. Wageni watakuja, wanataka kuona namna wenyeji wanavyoshiriki kulinda samaki. Dokta alituita biro, ofisini kwake. Alikuwa ameandika yote kwenye karatasi kubwa ukutani: mukutano kwenye mudomo wa Mulonde wenyewe, kibao, tisheti sitini zenye picha ya mpumbu, Fanta. Wavuvi wataitwa kutoka vituo vyote vya uvuvi, mpaka Mununga.

Niliwajua wale wavuvi. Mumoja wao alikuwa analala chumba cha pili nyumbani kwetu.

"Dokta," nilisema, na sauti ikatoka ndogo kama ya mutoto, "lakini watu watajua mahali."

Levy alicheka, si kwa ubaya. "Njo maana ya kuwaita, Cadette! Wajue!"

Dokta alinigeukia. "Mutu hawezi kulinda kitu asichokijua. Siyo vile?"

Niliangalia meza. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, maneno matatu manne: na hawezi kuiba asichokijua. Lakini yeye alikuwa na miaka saba ya chuo, na mimi miaka minne ya primaire isiyokwisha, na ile jaketi ilikuwa inaning'inia mbele ya macho yangu. Nikasema, "Ndiyo, Dokta."

Ndiyo, Dokta. Hasira yangu mimi inaanzia pale. Si kwake. Inaanzia kwangu.

Mukutano ulikuwa Jumamosi. Walikuja wengi kuliko tisheti. Walikaa kwenye majani kando ya maji, vijana wengi, na wazee wachache waliokuwa wanatikisa kichwa wakiangalia lile shimo. Levy aliongea Bemba, halafu Swahili kwa Wacongo. Aliongea vizuri, watu walicheka pale alipotaka wacheke. Halafu wakaanza kuuliza.

"Banapanda saa ngapi?"

"Asubuhi, mvula kubwa ikianguka usiku," Levy akajibu. "Maji yakiwa mekundu na yakipanda."

"Siku ngapi?"

"Siku moja, mbili. Halafu basi mpaka mwaka mwingine."

"Banapita hapa tu? Hakuna njia ingine?"

"Hapa tu. Ndiyo maana pahali hapa ni pa muhimu sana."

Dokta aliniinamia, macho yanang'aa. "Unaona wanavyouliza? Wanajali."

Nilimuangalia yule aliyeuliza kuhusu njia. Hakuwa anaangalia Levy. Alikuwa anaangalia ukingo mumoja, halafu ukingo wa pili. Alikuwa anapima wavu na macho.

Hapa natamani niruke, lakini sitaruka. Dokta alinisimamisha mbele ya watu. Alikuwa na jike moja ndani ya ndoo, zima, namba tano. Aliwaambia watu: huyu ni Cadette, mutoto wa hapa sokoni, anajua mpumbu kuliko mimi. Atawaonyesha namna ya kujua kama samaki amekaribia kutaga, ili mukimuona mumurudishe majini. Nikamushika samaki. Nikabonyeza tumbo na kidole gumba, polepole, kutoka kifuani kwenda chini, na mayai yakatoka ya dhahabu kwenye kiganja changu. Watu wakasema "Eeeh!" Wakapiga makofi. Maisha yangu yote hakuna mutu aliyenipigia makofi. Nikafanya mara ya pili.

Baadaye walisimamisha kibao. Samaki wa kijani, na maneno: HAPA MPUMBU WANAZAA. USIVUE. Yaya Chadrack alivaa tisheti yake palepale, juu ya shati.

"Cadé wangu," aliniambia tukirudi, "leo umekuwa mukubwa. Kumbe mudomo uko nao!"

"Yaya, usiende pale."

"Wapi?"

"Unajua wapi."

Akacheka, akaninyang'anya chupa yangu ya Fanta, akainywa.

Mvula ilianguka siku ya sita baada ya mukutano. Ilianza jioni na haikuacha mpaka karibu na mapambazuko. Nilipoamka, kitanda cha yaya Chadrack kilikuwa kitupu na wavu uliokuwa unaning'inia ukutani haukuwepo. Sikunawa uso. Nilichukua kisu changu cha kazi kwa sababu ndicho kilikuwa karibu na mulango, nikatoka.

Nilikimbia pale ambapo njia ilikuwa na muchanga, nikatembea pale ambapo ilikuwa matope. Kabla ya kufika nikasikia. Maji yalikuwa yanafanya sauti, kama papa alivyosema. Na juu ya sauti ya maji, watu wanacheka.

Walikuwa wavuvi labda thelathini. Karibu wote walikuwa na tisheti. Nataka uelewe vizuri, kwa sababu wengi nikiwaambia wanafikiri nazidisha: walikuwa wamevaa tisheti za proje, mpumbu wa kijani kifuani, na mpumbu wa kweli mikononi. Nyavu tatu zilikuwa zimefungwa kutoka ukingo mpaka ukingo, moja nyuma ya ingine. Kamba ya wavu wa kwanza ilikuwa imefungwa kwenye kibao. Kibao kilikuwa imara, Levy alikisimamisha na saruji.

Kijana mumoja alikuwa anatoa samaki wavuni, anabonyeza tumbo na kidole gumba, kutoka kifuani kwenda chini, polepole, kama nilivyofanya mimi. "Tano!" anapaza sauti, na mayai yanakwenda ndani ya ndoo. "Huyu naye tano! Nne, huyu. Tano!"

Akaniona.

"Mwalimu wetu amekuja! Batu, simameni, mwalimu amekuja!"

Wakacheka. Muzee mumoja akainua ndoo yake kunionyesha. "Aksanti, mama. Bila wewe hatungejua. Mungu akubariki."

Hakuwa ananicheka. Alikuwa ananishukuru kweli. Mpaka leo nikiwa peke yangu neno lile linarudi, na ninapata hamu ya kuvunja kitu.

Yaya Chadrack alikuwa kwenye wavu wa tatu, maji mpaka kifuani.

"Cadé, toka hapa. Utaanguka majini."

"Fungua."

"Nini?"

"Fungua wavu, yaya. Wanakwenda kuzaa. Wakiisha hawa, hakuna wengine."

"Ah, alor! Wao wenyewe balituita!" Alipaza sauti, na wengine wakanyamaza wasikie. "Nilikuwa nimeomba mutu aniite? Balinipa Fanta, balinipa nguo, balinileta mpaka hapa, bakaniambia saa, bakaniambia siku. Mutu anakuonyesha chakula, anakufunulia sufuria, halafu anakuambia angalia tu? Weye uko na kazi na ba Dokta. Mie niko na nini?"

"Fungua."

"Kama mie sivuli, huyu atavua. Muangalie. Atabakisha?"

Alikuwa na haki nusu, na hiyo ndiyo inauma. Lakini nusu ile ingine ilikuwa inapigapiga mukia ndani ya wavu wake.

Niliingia majini. Wavu wa kwanza na wa pili zilikuwa za watu ambao wangenipiga, na nakiri niliogopa. Wavu wa tatu ulikuwa wa mutu ambaye hangenipiga. Nilimuchagua yaya wangu kwa sababu ananipenda. Nikashika kamba ya chini, ile yenye mawe, nikaikata, nikashika ya juu, nikaikata. Kisu cha kupasua samaki hakiulizi mara mbili. Wavu ukajikunja na kwenda na maji.

"Cadette!" Hakuniita Cadé. "Ile wavu nilisuka mwezi muzima!"

Mpumbu waliokuwa wamebanwa kati ya wavu wa pili na wa tatu walipita. Nilisimama kwenye maji mekundu na kuwahesabu wakinigonga miguu: kumi na mumoja. Hao tu. Nyuma yangu mutu alinitukana, mwingine akasema niachwe, ni kichaa cha wakimbizi. Yaya Chadrack alitoka majini, akavua tisheti, akaikamua, akaivaa tena. Hakuniangalia.

Dokta alifika karibu na saa sita. Watu walikuwa wameshakwenda. Majani yalikuwa yamelala chini na yana magamba, na ukingoni kulikuwa na matumbo na inzi. Alikaa kwenye matope na suruali yake safi, akafunika uso.

"Nilifikiri watalinda," alisema. "Cadette, nilifikiri..."

Aliponiangalia nilijua anataka nimwambie si kosa lako. Neno lile ningeweza kulisema, ni jepesi. Nilinyamaza. Kwa mara ya kwanza sikunyamaza kwa aibu.

Siku mbili baadaye nilipanda Mulonde mpaka kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Nilikuta mayai, si mengi, yameshikamana kwenye mashina. Nilikwenda kuyaangalia tena, nikakuta watoto wadogo kama sindano. Hao sikumwambia mutu.

Wageni walikuja mwisho wa mwezi, kama barua ilivyosema. Mambo yao yalikuwa yamepangwa na hayakubadilika. Waliletwa Mulonde, wakapiga picha na kibao. Alama ya kamba ilikuwa bado kwenye chuma, rangi imekwanguka. Levy aliwaambia watu sitini walihamasishwa, na ni kweli, walikuwa hata zaidi. Dokta aliongea juu ya "changamoto" na sauti yake ilikuwa ya mutu aliyemeza muchanga. Halafu akaniomba niwaonyeshe wageni kile cha kidole gumba, kwa samaki mwingine aliyeletwa na ndoo.

Niliweka mikono yangu nyuma.

"Cadette?"

"Hapana, Dokta."

Ilikuwa "hapana" yangu ya kwanza kwake, na ilichelewa mwezi muzima.

Mwaka muzima sikupata kitu sokoni. Mama Esnart alikuwa ananipa chisense kuchambua, samaki wakubwa aliwapeleka kwa wengine. Nikipita anageuza mugongo. Bwana yake alirudisha mutego nyumbani, akautundika kwenye paa, na mvula ya mwaka huu ilipoanguka nilikwenda Mulonde asubuhi mbili mufululizo. Maji yalipanda yakawa mekundu. Hayakufanya sauti yoyote. Nilikaa pale kando ya kibao mpaka njaa ikaniuma.

Yaya Chadrack alisuka wavu mwingine. Tunaongea sasa, lakini tunaongea juu ya chumvi na sabuni. Juzi aliniuliza, "Bale kumi na mumoja, unafikiri balifika?" Nikamusogezea chumvi.

Halafu wiki iliyopita Mama Esnart aliniita na kidevu.

Nilifikiri anaita mutu nyuma yangu. Akaita tena. Nilikwenda, akafunua ncha ya kitenge. Mpumbu wawili. Majike.

"Ka Congo," akasema. "Nataka kuona kama Mulonde ilikufundisha kitu."

Nikachukua beseni. Nikabonyeza na kidole: nne, na nne. Nikafungua mashavu. Matope yalikuwa na rangi ambayo nilikuwa sijaona kwa mpumbu hata mara moja, na ndani yake kulikuwa na kitu kidogo, kidogo sana, ambacho mutu mwingine angekitupa. Nilijua ni wapi. Nilijua kama ninavyojua mulango wa nyumba ya mama yangu. Mama Esnart alikuwa ananiangalia macho hayapepesi.

Na Levy na Dokta walikuwa wanakuja. Niliona jaketi zao kati ya meza za chisense, wanasalimia watu.

"Cadette!" Dokta aliita kabla hajafika, kwa sababu aliona mapezi. "Mungu wangu. Wawili? Wametoka wapi?"

Proje inamalizika mwezi wa sita. Mwezi uliopita aliniambia mwenyewe, polepole, kwa huruma, kwamba wale wanaolipia wanataka mahali papya pa kuonyesha, na kwamba nikimupatia mahali, hata kijito kimoja tu, kontra yangu itapita bila diplome. Hakuwa ananidanganya. Safari hii, alisema, tutafanya tofauti: kibao hakitakuwepo, tutaweka walinzi. Walinzi watatoka wapi, Dokta? Watatoka vituo vilevile vya uvuvi. Watatoka chumba cha pili nyumbani kwetu.

Beseni yangu ilikuwa na maji safi ya kusuuzia. Niliwaingiza samaki wawili mule, kichwa kwanza. Nikapitisha kidole ndani ya mashavu, upande wa kuume, upande wa kushoto, taratibu, kama ninavyofanya siku zote kwa mama anayetaka samaki wake wawe safi. Maji yakabadilika rangi.

"Cadette, ngoja, usioshe!" Levy alikimbia hatua mbili za mwisho. "Matope!"

"Nimeshaosha."

Dokta alisimama juu yangu. Aliangalia samaki, aliangalia maji, halafu akaniangalia mimi. Yeye si mujinga. Mama Esnart akaanza kupanga nyanya za jirani yake ambazo hakuna aliyemuomba azipange.

"Wametoka wapi, Cadette?"

"Sijui, Dokta."

"Unajua."

"Sijui."

"Bila mahali, hizi namba hazina kazi. Unaelewa? Siwezi kuandika chochote. Siwezi kukuandikia kontra."

"Naelewa."

Macho yake yalijaa, na mimi yangu hayakujaa. Nilimuhurumia kidogo, na ile huruma haikuondoa hasira, vilikaa pamoja kama wapangaji wawili. Nilitaka kumwambia lile jibu la biro, lile fupi, kwamba mutu hawezi kuiba asichokijua. Lakini aliyepaswa kulisikia ni Dokta wa mwaka jana, na aliyepaswa kulisema ni mimi wa mwaka jana.

Niliandika kwenye daftari uzito, urefu, nne, nne. Kwenye mustari wa mahali sikuandika kitu. Nikafunga daftari, nikamupa Levy na mizani, na rula.

Halafu nikanyanyua beseni, nikaibeba mpaka kwenye mufereji nyuma ya soko, nikamwaga yale maji.